Wafungulieni watoto wa Malindi vijia vya Arabuko-Sokoke

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi. Kwa wakuu wa Huduma ya Misitu (KFS), Huduma ya Wanyamapori (KWS), Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) na Makavazi ya Kitaifa mnaoshirikiana kuutunza msitu wa Arabuko-Sokoke. Na kwa maafisa wa elimu wa Malindi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, nina ombi moja, na nalitaja mwanzoni ili hata mwenye haraka alisome: wafungulieni watoto wetu msitu. Wale wa Malindi mjini, wa Gede, wa Kakuyuni, wa Jilore na wa vijiji vyote vinavyopakana na Arabuko-Sokoke waweze kuingia kwa miguu, wakiwa na mwongozaji, pasipo mzazi kuanza kupiga hesabu ya unga na nauli. Siombi waingie kukata kuni wala kuzurura. Naomba waingie kutembea, watazame, wanuse, waulize maswali, kisha warudi nyumbani na matope miguuni.

Mimi ni fundi wa kushona hapa mjini, na ni mama wa binti aliye darasa la pili. Shule zilipofungwa mwezi wa nne, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, tuliondoka alfajiri, tukapanda matatu ya kwenda Mombasa, tukashuka kwenye kituo cha msitu karibu na Gede. Nilitaka atembee siku nzima mahali pasipo na pikipiki. Majirani walishangaa. Mmoja aliniuliza, "Mama, bahari iko hapa, mtoto unampeleka kwenye mbu na kupe kwa nini?"

Aliuliza kwa nia njema, na swali lake ni la haki. Bahari watoto wetu wanaijua. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968. Mtoto wa hapa anajua maji yanapokupwa na yanapojaa, anajua pweza anavyojificha mwambani, anatofautisha mashua na ngalawa kabla hajaanza shule. Msitu hawaujui. Nao uko hapo nyuma yetu, hazifiki kilomita 20 kutoka mjini, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya ule msitu wa pwani uliokuwa ukienea kutoka Somalia hadi Msumbiji. Watoto wengi wanauona kwenye dirisha la gari wakienda Kilifi au Mombasa. Wanaona majani, wanaona ua wa waya wa umeme, basi. Waya sina ugomvi nao. Wakulima wa pembezoni mwa msitu wanajua ndovu anachoweza kufanya kwenye shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Lakini mtoto anayekua akiuona msitu kwa nje ya waya tu, mwaka baada ya mwaka, atakua akiamini kwamba ndani hamna kinachomhusu.

Lipo jingine zito zaidi, na naomba mnivumilie nilitaje. Tukiwa ndani ya matatu, binti yangu aliniinamia akaninong'oneza: "Mama, huu ndio ule msitu wa makaburi?"

Alikuwa mdogo mno mwezi wa nne wa 2023, miili ya waumini wa dhehebu moja walioambiwa wafunge hadi kufa ilipoanza kufukuliwa Shakahola. Iliishia kuwa zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Kwangu hakuonyeshwa picha hata moja. Alisikia kwa wenzake, na alisikia kwa sisi wakubwa tunaozungumza mbele ya watoto tukidhani hawatusikilizi. Shakahola iko mbali na Arabuko, kule bara upande wa Chakama, na wala hakuna mtu mzima atakayechanganya mahali hapo pawili. Kwa mtoto wa miaka saba, hata hivyo, miti ni miti, na miti ndiyo inayoficha watu waliokufa. Nina wateja, kina mama wenzangu, ambao hawataki hata kusikia kwamba safari ya shule itaelekea porini. Siwalaumu hata kidogo.

Nawaomba mlipime jambo hili kwa uzito wake. Kaunti yetu ina kizazi cha watoto waliofundishwa na msiba kuogopa msitu, na ndicho kizazi hicho hicho tutakachokikabidhi Arabuko baada ya miaka ishirini. Hofu hiyo haitaondolewa kwa hotuba wala kwa bango. Mimi nilimwambia binti yangu kwamba huu ni msitu wa ndege, vipepeo na ndovu, kwamba tutaingia pamoja na kutoka pamoja. Aliniitikia kwa adabu tu. Aliniamini alipoingia.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Gede. Kabla hajazungumza na mimi alichuchumaa akamsalimia mtoto, akampa masharti: tutembee mmoja nyuma ya mwingine, tuongee kwa sauti ya chini, na akiinua mkono tusimame papo hapo, kwa sababu ndovu wapo na hatuwezi kujua leo wameamkia upande gani. Akamchongea kijiti cha kuonyeshea vitu. Akamwambia, "Mdogo wangu, ukiona kitu usikigonge. Kionyeshe, mimi nitakwambia ni nini." Suruali tulizichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, ambao siku za mvua huwa wengi, tukaingia.

Hatukwenda mbali. Miguu ya mtoto wa miaka saba haiendi mbali, na nimekuja kuona kwamba hiyo ni faida. Mtu mzima hupita. Mtoto husimama kwa kila jongoo, na jongoo wa masika ni wengi, weusi, wanene, wenye haraka zao. Alisimama kwenye msandarusi akashika tone la utomvu lililoganda kwenye gome, akanusa vidole vyake njia nzima. Nikamweleza kwamba sandarusi hiyo ilikuwa biashara kubwa ya pwani hii, ikipakiwa majahazini kwenda ng'ambo kutengenezewa vanishi, na kwamba mbambakofi tuliyepita chini yake ni ndugu wa ile iliyochongwa milango ya nyumba za kale.

Kisha mwongozaji akainua mkono. Tukasikia mchakacho, halafu vishindo vidogo vya haraka juu ya majani, kana kwamba kuna mtu anayepiga kofi ardhi. Ni sange. Akihisi hatari hupiga mkia kwenye majani makavu, ndipo akimbie. Tulimwona akikatiza kijia: pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na makalio ya rangi ya dhahabu ambayo hayafanani na kitu kingine chochote mle ndani. Uzito wake ni nusu kilo hivi. Duniani kote anapatikana pwani ya Kenya tu, na makao yake makubwa ni msitu huu mnaousimamia. Mwongozaji akatuonyesha rundo la majani chini ya kichaka, rundo ambalo ningelikanyaga bila kujua, akasema ndiyo nyumba yake. Huwa na kadhaa na hubadilisha mahali pa kulala. Binti yangu aliuliza kama sange anajua kwamba hayuko kwingine. Kijana wa watu alifikiri kwanza, kisha akasema, "Hajui. Ndiyo maana inabidi sisi tujue."

Lakini kilichomshika zaidi kilikuwa dimbwini. Mvua za mwanzo zilikuwa zimelijaza kidogo, na kwenye matawi yaliyoinamia maji kulikuwa na mafundo meupe, makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, kama povu la sabuni lililosahaulika kwenye kamba ya kuanikia. Ni mayai ya chura wa mitini. Jike hupanda tawi lililo juu ya maji, hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, kisha hutaga humo. Povu la nje hukauka likawa gamba, la ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hutoka chini na kudondoka majini. Tulikaa pale tukala mahamri yetu, tukingoja. Ilichukua muda. Hatimaye kimoja kikadondoka: sauti ndogo kabisa, maji yakafanya duara, kikaanza kuogelea saa hiyo hiyo. Halafu kingine. Mama chura mwenyewe alikuwa amejibana kwenye tawi, wa rangi ya kijivu kavu, ukimtazama haraka utasema ni kipande cha gome. Daftarini mwake, kwenye somo la Mazingira, binti yangu alikuwa amempaka chura kijani, maana ndivyo kitabu kinavyoonyesha. Jioni ile alikichukua kifutio mwenyewe.

Waheshimiwa, hayo ndiyo ninayotaka kila mtoto wa hapa ayapate, si yule tu wa fundi aliyebahatika wiki ile kupata kazi ya sare za harusi.

Sasa niseme linavyoweza kufanyika, maana ombi lisilo na njia ni lawama tu.

Kiingilio cha mtoto anayeishi jirani na msitu kifutwe, walau siku moja kila wiki na siku zote za likizo. Malipo ya mwongozaji yasiguswe. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu kila mara kitu kinapofanywa cha bure kwa maskini, anayepoteza ni maskini mwingine. Vijana hawa wanafahamu mlio wa ndege ambao mimi nausikia kama kelele. Wanafahamu dimbwi lipi lina maji mwezi huu. Wapo wanaoweza kukupeleka kwenye udongo mwekundu wa upande wa magharibi, wakakuonyesha bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika sentimita 20, aliyelala tawini mchana kweupe. Elimu hiyo wameipata kwa miaka mingi, wengine kwa baba na babu zao, na wazee wa Kisanye waliowinda humo enzi hizo wanajua zaidi ya wote. Anayemwongoza mtoto alipwe sawasawa na anayemwongoza mgeni wa Ulaya.

Pesa zitoke wapi? Pwani yetu imeshalijibu swali hilo. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua pupa za vipepeo, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, kutoka kwa wakulima wanaouzunguka msitu na kuziuza kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Tangu 2001 uko mpango wa basari unaosaidia wanafunzi wa sekondari wa familia zinazopakana na Arabuko na hori la Mida, na sehemu ya fedha zake hutokana na wageni wanaotembea kwenye lile daraja la mbao la kuning'inia katikati ya mikoko. Kama mgeni anayetazama korongo Mida anaweza kumlipia kijana karo, mgeni anayemtafuta bundi wa Sokoke anaweza kumlipia mtoto wa Kakuyuni mwongozaji wa asubuhi moja. Tengeni fungu dogo katika mapato ya msitu, kaunti iongeze lake kutoka utalii, na mlitangaze wazi kila mwaka limetumikaje. Sheria haiwazuii. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakiruhusu chama cha jamii kupewa haki za shughuli za utalii, burudani na elimu ndani ya msitu wa serikali. Vyama vipo. Vipeni kazi hii.

Pili, kijia. Vijia vya kutembea Arabuko vipo, na tulichopita kilitufaa. Ninachoomba ni mzunguko mmoja mfupi uliopangwa kwa ajili ya watoto, wa saa moja au saa moja na nusu, karibu na kituo, unaopita penye kivuli na penye dimbwi. Uwe na tangi la maji ya kunywa. Uwe na choo safi mwanzoni na mwishoni. Mama yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto ataelewa kwa nini sirefushi hapo. Uwe na kibanda cha kujikinga mvua, kwa sababu mvua ya masika haipigi hodi. Kituoni kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na chombo cha kumkimbiza mtu hospitali, maana nyoka wapo na si haki kujifanya hawapo. Na kipande kimoja cha kijia kishindiliwe kiwe kigumu na tambarare. Jirani yangu ana mwana wa kiume anayetumia kiti cha magurudumu. Mchanga wa Arabuko, hasa ule mweupe wa upande wa miti ya mirihi, humeza gurudumu hadi nusu. Mtoto yule anapenda ndege kuliko watoto wote ninaowajua, na anawatazama akiwa barazani kwao.

Mabango yaandikwe Kiswahili kwanza, na majina ya miti yawepo kwa Kigiriama pia. Bibi yangu, aliyezaliwa upande wa Jilore, alikuwa akiujua mti kwa jina, kwa dawa yake na kwa ndege anayeupenda. Mjukuu wa mjukuu wake asome jina lile lile kwenye ubao.

Msiniambie haya ni ya nchi tajiri. Nairobi wanayo. Wangari Maathai na wenzake waliumizwa 1999 wakiupigania msitu wa Karura usigawanywe kwa wajenzi, na leo watoto wa Nairobi wanatembea humo Jumamosi na wazazi wao, njiapanda za vijia zikiwa na nambari ili mtu asipotee. Karura ni hekta 1,000 na ushei. Arabuko ni karibu mara 40 ya hapo. Mtoto wa Nairobi ana haki ya msitu wake, nami namfurahia. Wa kwetu naye anastahili.

Kuna kikwazo kingine kinachoonekana kidogo mpaka kikupate. Kwenye lango la hifadhi moja humu pwani, ambayo sitaitaja, nilisimama na watoto wa dada yangu tukiwa na pesa taslimu mkononi, tukaambiwa malipo ni ya simu tu. Mtandao haukuwepo. Askari wa lango alikuwa mtu mwungwana, alijaribu simu yake, akajaribu ya mwenzake. Jua likapanda, watoto wakachoka, tukarudi. Naelewa kwa nini serikali haitaki pesa zipite mikononi mwa watu, na hilo naliunga mkono. Lakini lango la msituni ndipo mahali ambapo mtandao hukatika, na wenye simu za tochi ndio majirani wa msitu. Uwekwe utaratibu wa kulipia mapema kwa wakala wa kijijini, au chifu aandikishe majina ya watoto siku moja kabla. Mtoto asirudishwe langoni kwa sababu ya mnara wa simu.

Kwenu maafisa wa elimu: mtaala mpya unawataka watoto wajifunze kwa kutenda, na madarasa ya chini yana somo zima la Mazingira. Shule zetu, zikipata pesa za safari, hukodi basi hadi Mombasa. Sina neno na Mombasa. Hata hivyo darasa likiingia Arabuko asubuhi, mchana linaweza kuvuka barabara kwenda magofu ya Gedi, mji uliohamwa karne ya 17 na ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ambako kima watawakaribisha wakitaka ndizi zao. Msitu na mji wa mababu kwa siku moja, kwa mafuta ya basi ya kwenda Gede na kurudi. Andikeni waraka kwa walimu wakuu. Walimu wengi wangependa kwenda, wanachokosa ni barua ya mkubwa itakayowakinga wakiulizwa.

Najua kuna watakaosema watoto watapiga kelele, watatupa karatasi za biskuti, watawafukuza sange. Hofu hiyo ni ya kweli na mimi ninayo. Arabuko ina aina zaidi ya 230 za ndege, na baadhi yao wakitoweka hapa wametoweka karibu duniani kote. Kwa hiyo wekeni idadi. Watoto wasizidi kumi kwa mwongozaji mmoja, makundi yapishane, na dimbwi lipumzishwe vyura wanapokuwa wengi mno. Masharti si mageni kwetu. Kaya za Mijikenda, ile misitu yao mitakatifu, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, zimelindwa na masharti kwa karne kadhaa: huingii bila mzee, hukati tawi, kuna njia unayopita na njia usiyopita. Kaya hazikutegemea waya. Zilisimama kwa sababu watoto wa Kimijikenda walifundishwa adabu ya msitu na mtu waliyemjua, wakiwa bado wadogo. Waiteni wazee wa kaya waje wakae na waongozaji, watunge masharti ya kijia cha watoto kwa pamoja. Mtashangaa watakavyokuwa wakali kuliko ninyi.

Serikali imetangaza kwamba itapanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na shule zetu nazo zimeitika. Watoto wanapanga foleni uwanjani, kila mmoja na mche wake. Ni jambo jema. Lakini mche huo mtoto hajui utakuja kuwa nini. Hajawahi kusimama chini ya mbambakofi mkubwa akatazama juu. Hajui kwamba kuna ndege aina ya kwera, anayeitwa kwera wa Clarke, anayeishi katika kaunti yetu hii peke yake, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1913 na ambaye mahali pake pa kutagia hapakugunduliwa mpaka 2013, hapo kwenye mapori ya Dakatcha. Miaka mia moja ndege anataga nyuma ya nyumba zetu! Binti yangu alipoambiwa hivyo na mwongozaji alinyamaza njia nzima ya kurudi langoni, kisha akaniuliza ni ndege gani mwingine ambaye bado hajaonekana kiota chake, na kama wanaruhusiwa kutafuta hata watoto.

Nilimwambia nitawauliza wenye msitu. Ndiyo nawauliza.

Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayolindwa kwa ajili ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kizazi kijacho kwangu kina meno mawili yaliyong'oka mbele na kinalala na kijiti cha kuonyeshea vitu chini ya mto.

Likizo ya Agosti haiko mbali, na wakati huo kusi linakuwa limetuliza mvua. Mtaani kwangu Muyeye nimeshazungumza na kina mama, na watoto wapo tayari, pamoja na yule wa kiti cha magurudumu. Chakula tutapika sisi, na mama mmoja ataambatana na kila kundi. Tunachohitaji kwenu ni barua yenye tarehe, jina la lango tutakalopokelewa, idadi ya watoto mtakaowaruhusu kwa siku, na nani atawalipa waongozaji. Ijibuni kupitia ofisi ya chifu wetu. Nitakuwa napita pale kila Ijumaa baada ya swala kuulizia.

Wenu kwa heshima,

Mama wa darasa la pili, fundi wa kushona
Muyeye, Malindi